Pumu si Uchawi, wala si Upungufu wa Imani

Mwenzetu akikosa pumzi, wengine hunong'ona: amerogwa, au hasali vya kutosha. Huo ni uongo unaoua. Katika pumu njia za hewa huvimba, hubana na kujaa makohozi. Wapo ambao dawa ya kuvuta, hata kwa kipimo kikubwa na ikitumiwa sawasawa, haiwatulizi. Je, nao tuwaite wakosefu? Yesu alipoulizwa ni dhambi ya nani iliyompofusha kipofu wa kuzaliwa, aliikataa hesabu hiyo (Yohane 9). Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa za kuvuta katika orodha ya dawa za lazima. Je, sisi wa Kasongo tumezidai? Tumwondoe mgonjwa penye moshi wa kuni, tumkimbize hospitalini. Sala isiyoinua mikono kumbeba ni kelele tupu.