Kikosi cha pili nacho kina watu

Najua nimepotea, na wengine mlishaanza kusema Melbourne imenimeza. Hapana, nipo. Ni mambo ya kubeba boksi usiku halafu asubuhi unaingia chuo macho mekundu kama umekunywa gongo. Leo nimeliweka kando pendekezo la utafiti (msimamizi wangu asinione) kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili.

Jambo lenyewe ni futi. Sio soka letu, nazungumzia ule mpira wa yai wa hawa jamaa, watu 18 kila upande, uwanja wa mviringo, nguzo nne za goli, ukipiga katikati unapata pointi sita, ukikosea kidogo unapewa moja ya kukufariji. Nilipofika nilidhani ni ugomvi uliowekewa filimbi. Sasa hivi mie mwenyewe nabishana kwenye treni, teh teh teh.

Msimu wa timu za akiba unaanza mwishoni mwa Machi, na kila mwaka kipindi hiki klabu zinatangaza usajili. Hapo ndipo washikaji zangu wa hosteli wanaponichosha. Tumelelewa kwenye usajili wa Simba na Yanga, tumezoea mtu anapokelewa uwanja wa ndege na ngoma. Kwa hiyo wakiona orodha ya timu ya akiba wanauliza, "Huyu nani? Huyu katoka wapi? Hakuna jina kubwa hata moja!" Wanafunga, wanaenda kupika ugali.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Ila tangu Jumapili nimebadilika, na nitawaambia kwa nini. Kwanza nieleze huko chini kunavyokwenda, maana wengi mlioko nyumbani hamjui.

Ligi kubwa ni AFL, klabu 18, na ya 19 ni Tasmania, iliyopewa leseni mwaka 2023 ili iingie mwaka 2028. Chini yake, huku Victoria na pwani ya mashariki, kuna VFL. Zamani klabu kubwa zilikuwa na ligi yao ya vikosi vya akiba, ikafutwa baada ya msimu wa 1999, vikosi hivyo vikaingizwa VFL kuanzia mwaka 2000. Matokeo yake ni mchanganyiko. Kuna klabu zenye timu zao kabisa, kama Footscray, ambao ni kikosi cha pili cha Western Bulldogs pale Whitten Oval. Kuna zilizooana na klabu kubwa, kama Box Hill na Hawthorn. Na kuna zinazojitegemea, kama Werribee, Port Melbourne na Williamstown. Na msidhani hizi za kujitegemea ni mapambo. Mwaka 2024 Werribee walichukua ubingwa, wa kwanza kwao tangu 1993.

Sasa turudi Jumapili. Kuna mama mmoja Mkongo ambaye kila nikimkumbuka ugali nakwenda kwake. Familia yake ilipita Kigoma kambini kabla ya kuletwa huku, na nyumbani kwao Kiswahili ndio lugha. Namuita Mama tu, naye ananiita baba. Nimeingia, shikamoo Mama, kabla sijakaa akanipa karatasi.

"Baba, wewe ulisoma. Soma hii, uniambie wanapatia mtoto yangu nini."

Kijana wake wa pili ana miaka 20. Mchana anapakia mizigo ghalani, jioni anafanya mazoezi na timu moja ya VFL ya huku magharibi, tangu Novemba alipoitwa majaribio. Timu siitaji, maana sio lengo langu kumsema mtu. Karatasi ilikuwa ofa ya kusajiliwa msimu mmoja. Kurasa tatu, picha za wachezaji wakiruka, maneno matamu kuhusu ndoto na familia ya klabu. Malipo ni kwa mechi uliyocheza. Usipopangwa, hakuna kitu.

Pembeni kulikuwa na ofa ya pili, ya klabu ya mji mdogo mwendo wa saa mbili kwa gari. Hiyo ilikuwa sentensi mbili. Njoo ucheze kila Jumamosi, tutakulipa kiasi hiki. Na kiasi hicho kilikuwa kikubwa kuliko cha VFL hata kama angecheza mechi zote! Msishangae, huku ni kawaida. Timu za vijijini zina wafadhili wenye maduka na mashamba, zinalipa watu vizuri kuliko ligi ya pili.

Mama akauliza, "Sasa kwa nini anataka ile ya pesa kidogo?"

Swali zuri, na nilishindwa kulijibu pale pale. Nikachukua kalamu tukapiga hesabu.

Klabu ya AFL ina wachezaji zaidi ya 40 kwenye orodha yake. Siku ya mechi wanatumika 23. Wanaobaki, ukitoa majeruhi, wanashushwa kikosi cha pili, na hao wana haki ya kwanza ya namba kwa sababu klabu inawalipa mshahara na inataka wacheze. Nafasi zinazobaki ndizo za vijana waliosajiliwa VFL peke yake, kama huyu wetu. Majeruhi wakiwa kumi juu, huku chini wanahitajika vijana wengi. Wote wakiwa wazima, kijana wetu anapigiwa simu Alhamisi usiku, "Pole, wiki hii hapana." Sio kwamba alicheza vibaya. Ni kwamba nyama za paja za mtu mwingine zimepona.

Hebu fikirieni hilo. Unaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda ghalani, mazoezi mara tatu kwa wiki, unakataa shifti za Jumamosi zenye pesa nzuri, halafu namba yako inategemea paja la mtu ambaye pengine hajui hata jina lako. Katika miaka ya karibuni kila timu imekuwa na mechi 18 kabla ya fainali. Kijana anaweza kucheza zote 18, au nne. Ile karatasi ya kurasa tatu haikusema neno hata moja kuhusu hili. Hapo ndipo nilipokasirika.

Najua mtakachosema, maana kijana mwenyewe alinijibu hivyo hivyo. "Kaka, na Marlion Pickett je?"

Haya, tumzungumze Pickett. Alikaa jela zaidi ya miaka miwili kwa kesi ya uvunjaji, akatoka, akacheza South Fremantle kule magharibi mwa nchi. Katikati ya msimu wa 2019 Richmond wakamchukua, akiwa na miaka 27, umri ambao wengine wanafikiria kustaafu. Akapelekwa kikosi cha pili. Fainali ya VFL mwaka ule Richmond walishinda, na yeye akawa mchezaji bora wa mechi. Wiki iliyofuata, tarehe 28 Septemba 2019, akaanza maisha yake ya AFL kwenye fainali kuu yenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1952. Richmond wakawafunga GWS kwa tofauti ya pointi 89, na Pickett akafunga goli. Ukiisikia mara ya kwanza nywele zinasimama.

Na sio yeye tu. Jai Newcombe alitoka Box Hill, Hawthorn wakamchukua katikati ya msimu wa 2021. Mwaka huo huo Sam Durham alikuwa kikosi cha pili cha Richmond, na waliomchukua wakawa Essendon! Majak Daw, aliyezaliwa Sudan na kukulia huku huku magharibi mwa Melbourne, alisota Werribee hadi mwaka 2013 alipoingia AFL na kufunga goli kwa mpira wake wa kwanza kuupiga. Na Aliir Aliir, mzaliwa wa Kakuma pale Kenya, alikaa Sydney misimu miwili bila mechi ya juu, akaingia 2016, na mwaka 2021 akiwa Port Adelaide akatajwa kwenye kikosi bora cha nchi nzima.

Mimi hadithi hizi nazipenda jamani. Lakini nimeanza kuziogopa, kwa sababu ndizo chambo. Klabu inapomwambia kijana "kumbuka Pickett", inamuonyesha mmoja aliyepita na inanyamaza kuhusu wale wengine wote waliovaa jezi ile ile, wakapigiwa simu za Alhamisi msimu mzima, wakarudi ghalani. Hao hakuna anayewatengenezea video. Na bila hao hakuna timu. Huwezi kumpima mchezaji wako wa thamani anayerudi kutoka majeruhi kama hana watu wa kucheza naye.

Halafu kikosi cha pili kikitunzwa vizuri, faida inaonekana hadi juu. Footscray walianza kuendesha timu yao wenyewe VFL mwaka 2014, na mwaka huo huo wakachukua ubingwa. Mwaka 2016 wakauchukua tena, na wiki hiyo hiyo, tarehe mosi Oktoba, Western Bulldogs wakawa mabingwa wa AFL kwa mara ya kwanza tangu 1954. Siwezi kusema kimoja kilisababisha kingine peke yake. Ila nakataa kuambiwa kwamba kikosi cha pili ni stoo ya kuweka vitu visivyotumika.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Usajili wa timu ya akiba usipimwe kwa majina makubwa. Mchezaji aliyeachwa na AFL anayeshuka kuja kuongoza vijana ni mzuri, simkatai. Lakini pima klabu kwa inavyomtendea yule usiyemjua, aliyeandikwa mwisho wa orodha. Imemwambia ukweli kuhusu mechi atakazopata? Ina namba kadhaa ambazo kijana akicheza vizuri hanyang'anywi hata kama juu wote wamepona? Inamsaidia kupata kazi au masomo yanayoendana na mazoezi? Klabu ikiwa na majibu hayo, imesajili vizuri, hata kama hosteli nzima haijui jina moja. Ikiwa haina, imekusanya watu wa kujazia nafasi tu.

Na sisi mashabiki tuna deni. Tunajaza MCG kuangalia wakubwa, halafu mechi ya akiba, ambayo unasimama mita chache kutoka uwanjani na kusikia kocha anavyofoka, tunaiacha kwa wazazi na mbwa wao. Kha! Wanafunzi tunaolia kila siku hatuna hela ndio hatuendi?

Basi, kijana sikumwambia asaini wala asisaini. Nilimwambia kamuulize kocha swali moja: "Siku wote wakiwa wazima, mimi nacheza wapi?" Akienda kocha akababaika, chukua pesa za kijijini, hakuna aibu.

Jumanne akanipigia. Kocha hakubabaika. Alimwambia ukweli, mechi tano labda, sita bahati ikiwepo, na wiki asizopangwa atarudi kucheza klabu yake ya mtaani, kocha mwenyewe au msaidizi wake atakwenda kumuangalia. Tano! Mimi ningekata tamaa. Yeye kasaini jioni hiyo hiyo. Anasema sasa anajua anachokinunua. Nimeona ana haki, na nimeona pia kwamba ukweli ule ungeweza kuandikwa kwenye karatasi tangu mwanzo, bila mtoto wa watu kwenda kuuomba.

Jana nikapita kwa Mama. Kafurahi, ila ana lake. "Baba, unipatie tarehe za zile mechi tano, niombe ruhusa kwa kazi."

Nikamwambia Mama, tarehe hazipo. Zinategemea nani kaumia kule juu.

Akafikiri kidogo. "Basi nitaomba Mungu wote wapone, na yeye acheze."

"Mama, hayo mawili hayaendi pamoja."

"Ile ni kazi ya Mungu, si ya yako. Kula."

Nikala. Wa Melbourne, mechi yake ya kwanza nikiijua nitawatangazia, twendeni wengi tukapige kelele za Kiswahili. Sasa ngoja nirudi kwenye pendekezo la utafiti kabla msimamizi hajanishusha kikosi cha pili na mimi. Tuko pamoja.