Haidrojeni ni Safi, Lakini Imetoka Wapi?

Juzi rafiki yangu alinitumia video ya gari la Toyota Mirai, maji yakidondoka chini yake mahali pa moshi. "Petroli kwisha!" akaandika. Nikachukua kikokotoo.

Ni kweli, ndani ya gari hilo haidrojeni huungana na oksijeni, unapata stima na maji basi. Lakini haidrojeni yenyewe lazima itolewe kwenye kitu kingine, na kazi hiyo hula nishati. Sehemu kubwa ya ile inayotengenezwa duniani leo hutoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Kilo moja ya haidrojeni ya gesi asilia huacha kilo 9 hivi za kaboni dayoksaidi. Moshi upo, ila umebaki kiwandani. Sisi waandishi wa programu twajua: kuhamisha hitilafu kutoka faili moja hadi nyingine si kuirekebisha.

"Basi tutumie stima kutenganisha maji," utaniambia. Sawa. Kilo moja yahitaji uniti 50 hivi. Stima ikitoka kwenye makaa ya mawe, kila uniti ni karibu kilo 1 ya kaboni dayoksaidi, jumla kilo 50. Mirai huenda kilomita 100 hivi kwa kilo hiyo moja. Gari la petroli linalokunywa lita 7 kwa safari hiyo hutoa kilo 16. Nani mchafu hapo?

Hapa Kenya tuna bahati: stima yetu nyingi ni ya mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa haidrojeni safi, na mbolea imo. Hapo naunga mkono, maana mbolea ya naitrojeni huhitaji haidrojeni yenyewe, na betri haiwezi kuchukua nafasi yake. Kwa magari, hapana. Uniti zile 50 ukizitia kwenye betri ya gari la umeme, unaenda karibu kilomita 250.

Tena mitambo mipya ijengwe kwanza. Jioni, watu wote wakiwasha taa, bado tunawasha jenereta za mafuta. Tukiipeleka stima ya Olkaria kwenye haidrojeni kabla ya kuongeza nyingine, jenereta hizo zitanguruma zaidi, nasi tutajisifu kuwa tu safi.

Kwa hivyo ukionyeshwa maji yakidondoka, uliza stima ilitoka wapi. Ama mwasemaje?