Anti, pipa likijaa linakwenda wapi?

Wiki hii naomba nijianike mwenyewe kabla watoto wa Kisarawe hawajanianika zaidi.

Rafiki yangu anayefundisha shule moja ya msingi huko aliniomba nikazungumze na wanafunzi juu ya usafi. Na mimi tena, kwa kuongea! Nikajipara, nikatoka Maili Moja hapa Kibaha, nikaunganisha daladala hadi Gongo la Mboto, nikapita Pugu. Njiani nikanunua karanga.

Darasani nikamwaga sera: msitupe taka ovyo, tupeni kwenye pipa. Makofi! Kisha kabinti kamoja ka darasa la tano kakanyoosha kidole.

"Shikamoo anti. Pipa likijaa linakwenda wapi?"

Nikajikanyaga. Jibu lilikuwa nyuma ya vyoo: shimo, kiberiti, moshi. Na taka za jiji la Dar zinamwagwa dampo la Pugu Kinyamwezi, pua na mdomo na Kisarawe. Mkaa wa Kisarawe unakwenda Dar, taka za Dar zinasogea Kisarawe. Biashara gani hiyo?

Kama haitoshi, mwenzake akaona kijinailoni cha karanga kinachungulia kwenye pochi yangu. "Anti, na hicho je?" Darasa zima kwi kwi kwi!

Jamani, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Tukaachana na rambo, tukahamia kwenye vifungashio vile vyembamba, hadi mwaka 2021 NEMC ikabidi ije juu tena. Tulibadili mfuko, tabia ile ile. Na sisi tunaojifanya walimu tunawafundisha watoto kuficha taka, wakati kuzipunguza kunaanzia dukani na jikoni.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Kwetu mama huchoma taka kila jioni, na mtoto wa dada ana pumu. Moshi ukipanda tu, dada anambeba mbio chumbani, anafunga dirisha. Miaka yote naona ni kawaida!

Nikanunua ndoo ya pili. Mama akaniangalia weee. "Taka nazo zinataka vyumba viwili? Sisi wenyewe tumebanana."

Lakini wiki ya pili mwenyewe akaona. Ndoo ya maganda ya ndizi, mihogo na vikonyo vya mchicha inajaa mara mbili kabla ile nyingine haijafika nusu. Wala si ajabu, sehemu kubwa ya taka za majumbani mijini ni mabaki ya jikoni. Sasa tunayatia shimoni na majani makavu, tunanyunyiza maji kidogo, tunageuzageuza. Baada ya miezi kadhaa ni mboji, na mama ana matuta yake ya matembele. Chupa za maji anachukua kijana wa makopo, anauza kwa kilo. Sokoni naenda na kikapu cha ukindu, mashosti wananiita bibi. Poa tu.

Moto wa kila jioni sasa ni mara moja kwa wiki. Kilichobaki ni pampasi. Mama anasema zichomwe, dada anasema zifukiwe, mimi nasema turudi kwenye nepi za kitambaa, ila anayefua si mimi! Mwenye jibu aniandikie haraka, maana mwezi ujao nimeitwa tena Kisarawe, na kale kabinti kataninyooshea kidole tu.