Kiwanuka Si Wetu

Kila kijana mwenye jina la kwetu akitajirika Marekani, sisi huyo tunamrudisha nyumbani kwa nguvu. Mathias Kiwanuka, misimu tisa na New York Giants, pete mbili za Super Bowl: eti wetu. Wetu wapi? Hatukumnunulia hata kamba ya kiatu.

Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye jaji mkuu. Septemba 1972 watu wa Idi Amin walimkamata mahakamani, asirudi tena. Mjukuu alizaliwa Indianapolis mwaka 1983. Afrika Mashariki ilimuua babu. Indiana ikampa mjukuu shule yenye kiwanja na kocha. Sasa nani ana haki ya kujisifu?

Na kazi yake haikuwa ya miujiza. Mtu wa mstari wa mbele anagongana na majitu ya kilo 130 na zaidi jioni nzima, na mpira wenyewe huenda asiuguse. Mwaka 2006, akiwa mgeni kwenye ligi, alimshika kwotabeki wa Titans, Vince Young, kisha akamwachilia akidhani mpira umeshatoka. Giants walikuwa wakiongoza 21-0, wakapoteza 24-21. Alichekwa nchi nzima. Mwaka 2007 akavunjika mguu, 2010 akaumia shingo. Kila mara alitibiwa, akarudishwa uwanjani. Hiyo ndiyo siri: si damu ya Kiafrika, ni nafasi ya pili.

Huku Bura kuna vijana wenye mabega ya kubeba mlango. Wanacheza kwenye mchanga, goli ni miti ya mathenge. Goti likiteguka, ni kufunga kitambaa na kumwachia Mungu. Kosa moja, jeraha moja, basi, rudi kwa mbuzi.

Utaniambia, na Daniel Adongo je? Sawa. Mwaka 2013 alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, na Indianapolis Colts. Lakini yeye alifikia huko kupitia raga ya Afrika Kusini na New Zealand, na 2015 akaachwa. Hata huyo tuliyemlea, wengine ndio walimalizia kazi.

Mimi siombi NFL ije Bura, bana. Naomba kiwanja kilichosawazishwa, maji ya kunywa kando yake, kocha anayelipwa, na mtu anayejua kufunga goti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Hiyo si hisani ya mheshimiwa, ni wajibu.

Kwa hivyo bajeti ya kaunti ikisomwa, usishangilie. Uliza kiwanja cha Bura kiko ukurasa gani. Kama hakiko, tuache kuwadai watoto waliolelewa na wengine.