Bitana ya Mapafu: Istilahi Tunayoihitaji

Mjomba wangu alipolazwa kwa homa kali ya mapafu, daktari alitueleza kwamba mapafu yamejaa maji. Mkewe akauliza kwa uchungu: "Maji hayo, daktari, aliyanywa wapi?" Jamaa wote wakanigeukia mimi, msomi wa Kiswahili, niwafafanulie. Nilinyamaza kwa kukosa istilahi.

Maji yale yalitoka katika damu yake mwenyewe. Kila mshipa wa damu umetandazwa ndani kwa safu moja tu ya seli bapa, zilizoshikana kando kwa kando. Katika mapafu, safu hiyo imekaribiana mno na vifuko vya hewa ili oksijeni ipate kupenya. Seli hizi zina kazi nyingi. Huzuia damu isigande ovyo. Hubana viungio vyao majimaji yasivuje. Hulegeza mishipa kwa kutoa naitriki oksaidi, ishara ambayo ugunduzi wake uliwapa Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Aidha, utafiti uliofanyiwa panya na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba, pafu moja linapoondolewa, seli hizi huchochea vifuko vipya vya hewa kuota katika pafu lililobaki. Maambukizi makali yakizijeruhi, viungio huachana, maji na protini za damu huvuja hadi katika vifuko vya hewa, na mgonjwa hutweta hali oksijeni i puani pake.

Je, tuziiteje seli hizi? Neno letu "mshipa" limekwisha kubebeshwa mizigo mingi: ateri, vena, neva, hata ngiri. Wapo watakaosema tutohoe, tuseme "endothelia", yaishe. Sina ugomvi na utohozi, ila neno hilo lisingalimfaa mke wa mjomba. Napendekeza "seli za bitana". Fundi cherehani yeyote, awe Lamu au Gikomba, anajua kwamba bitana hulishikilia koti umbo lake, na kwamba ikichanika, koti huharibika toka ndani.

Yamkini mhakiki atapinga kwamba bitana ni kitambaa kisicho na uhai. Naam, lakini hata neno "seli" asili yake ni chumba kidogo, na Robert Hooke alilitumia mwaka 1665 kwa vijitundu vya gome lililokufa. Maana hukua pamoja na maarifa.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya. Urasmi huo utakuwa na faida gani ikiwa hauingii wodini? Wahadhiri wetu na wanafunzi wenzangu, aghalabu sisi huziunda istilahi kisha tukazifungia katika tasnifu. Tuwaendee wenzetu wa kitivo cha tiba, tuketi nao, tuzijaribu istilahi hizo masikioni mwa wagonjwa na jamaa zao kabla ya kuziingiza kamusini.

Mjomba alipona, alhamdulillahi. Mkewe angali ananidai jibu.