Ngoma Haidaiwi Hadithi

Nina maoni yangu juu ya ngoma iliyochezwa hapa shuleni kwetu Tingi, Siku ya Wazazi.

Wenzetu walicheza sindimba, ngoma ya Wamakonde ijulikanayo sana huku kusini. Mimi nilikuwa mtazamaji tu, nimekaa karibu na wapigaji. Katikati ya ngoma msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliteleza akaanguka. Aliinuka akamaliza, huku akilia. Ngoma ilipokwisha, mzee mmoja jirani yangu akauliza, "Wajukuu zangu, hadithi yake nini? Inatufunza nini?" Hakuna aliyejibu. Tangu siku ile limezuka shauri kwamba muhula ujao ngoma itiwe ndani ya mchezo wa kuigiza wenye mafunzo. Na yule msichana asema hachezi tena.

Nami nilikuwa upande wa mzee, mpaka mwalimu wetu alipotuonyesha katika kompyuta baleti iitwayo Serenade. Baleti ni ngoma ya Ulaya, ambayo wanawake huicheza wakisimama juu ya ncha za vidole. Hii ilitungwa mwaka 1934 huko New York na George Balanchine, mzaliwa wa Urusi, kwa muziki wa Tchaikovsky. Nilingoja hadithi ianze, haikuanza. Hakuna mfalme, harusi wala vita. Wasichana 17 wamesimama, kila mmoja ameinua mkono, kisha waenda na muziki. Nilipoacha kungoja hadithi, ndipo nilipoanza kuona miguu, mikono, na safu zikifunguka na kufungika.

Mwalimu akatueleza kwamba waliocheza kwanza walikuwa wanafunzi kama sisi. Siku moja mazoezini msichana alianguka akalia. Siku nyingine mmoja alichelewa kufika. Balanchine hakuyaficha. Aliyatia yote mawili ndani ya ngoma, na hadi leo wachezaji hodari huyacheza.

Najua ngoma nyingine za wazee wetu hufunza, kama zile za jando na unyago. Michezo ya kuigiza nayo naipenda. Lakini si kila ngoma idaiwe hadithi. Sindimba yataka umsikilize mpigaji, uende sawa na mwenzio, wala usimwache nyuma. Hilo ni funzo tosha, nalo huonekana bila hotuba. Tukiifunga katika mchezo, tutafuata maneno tukasahau watu.

Kwa hiyo nawaomba walimu na wazazi wetu: muhula ujao sindimba ichezwe peke yake.

Nawe mdogo wangu, wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Wewe ulianguka kweli, nasi tulikuona ukiinuka na kuikuta ngoma pale pale ilipofika. Kwangu mimi hapo ndipo ilipopendeza kuliko pote. Wenzako wakungoja mazoezini.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu