Ukuta Ulioinama

Wapo wanaodai kuwa kurekebisha picha ni kudanganya. Sivyo. Kamera ikiinuliwa, kuta huonekana zikiegemeana. Nao mwanga unaoingia katika lenzi kwa pembe ya nyuzi 45 huweza kubakia robo tu, kona za picha zikafifia. Kuziondoa dosari hizo ni kuirudishia picha haki yake.

Hata hivyo, tuikumbuke Solai, jirani ya Kabazi, ambako bwawa la Patel lilipasuka tarehe 9 Mei 2018, likaua watu zaidi ya 40. Programu haipambanui ukuta ulioinamishwa na lenzi na ule ulioinamishwa na maji. Huenda ikazinyoosha kuta zote. Picha ya maafa ni ushahidi: ihaririwe nakala, ya asili ihifadhiwe kama ilivyopigwa.